Hewa Katika Bomba la Maji: Tahadhari Wakati wa Kumwaga na Kujaza Upya

(Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na fundi wetu wa miradi ya maji mbele ya kamati za maji za parokia na wageni wafadhili, mjini Babati.)



Ratiba inasema nitazungumzia matengenezo ya miradi ya maji ya mserereko. Hiyo ni mada pana, na chakula cha mchana kiko karibu. Kwa hiyo nimemwomba Mwenyekiti, naye ameridhia, nizungumzie jambo moja tu: kinachotokea ndani ya bomba siku tunapolimwaga maji ili kulitengeneza, na siku tunapolijaza tena. Nimelichagua kwa sababu niliwahi kulikosea, na kosa langu lilimwangukia mtu mwingine.

Sisi wa hapa tunaishi katika nchi ya miteremko. Mlima Kwaraa una kimo cha zaidi ya mita 2,400, na mji huu uko chini yake kwenye mita 1,350 hivi. Upande wa Dareda kuna kuta za Bonde la Ufa. Chemchemi iko juu, watu wako chini, na maji yanashuka yenyewe bila dizeli wala umeme. Ndiyo maana miradi ya mserereko imependwa sana na makanisa na wafadhili. Lakini bomba halishuki moja kwa moja kama kamba iliyovutwa. Linafuata ardhi: linashuka korongoni, linapanda mgongo wa kilima, linashuka tena. Na kila mgongo wa kilima ni makao ya hewa.

Niwasimulie kilichotokea, bila kutaja kijiji. Mradi ulikuwa na bomba la inchi mbili, urefu wa kilomita 9. Tangi la kijiji liko mita 48 chini ya kidakio. Katikati kuna vilima viwili ambavyo bomba linavipanda. Mchoro wa awali ulikuwa na valvu nne za hewa. Tulipoambiwa bajeti ipunguzwe, aliyeshika kalamu nilikuwa mimi. Nilikata valvu mbili ili kibaki kituo kimoja zaidi cha kuchotea maji, maana kituo kinapigwa picha na kinahesabika kwenye taarifa. Valvu ya hewa iko ndani ya chemba yenye mfuniko, porini, na hakuna mgeni anayepelekwa kuiona. Baadaye moja kati ya zile mbili zilizobaki ilianza kuvuja, fundi akaiondoa na kuweka kizibo. Ikabaki moja.

Kwa miaka kadhaa maji yalitoka vizuri. Kisha zahanati ikahitaji tawi lake. Jumamosi moja ya kiangazi tulifunga maji kule kidakioni, tukafungua woshauti ya bondeni, yaani ule mlango wa kutolea tope, maji yakamwagika. Yalianza kwa nguvu, baadaye yakawa yanakuja kwa mikupuo, yanakata, yanakuja tena. Nilidhani bomba limeisha. Tukakata, tukaunga tawi, na kwa kuwa akina mama walikuwa wamepanga ndoo tangu asubuhi, nikaagiza geti valvu ya juu ifunguliwe yote.

Maji hayakufika. Siku ya kwanza tukasema bomba ni refu. Siku ya tatu nilipanda hadi kidakioni: maji yamejaa hadi yanafurika. Nikarudi kijijini na kutamka sentensi ambayo hadi leo naijutia: "Chanzo kina maji, kwa hiyo maji yanapotelea njiani." Mimi nilikuwa nafikiria uvujaji. Wenzangu walifikiria mtu. Mlinzi wa bomba alikuwa mzee mmoja mtaratibu, na karibu na korongo kulikuwa na vijana wanaofyatua matofali. Ukaitishwa mkutano, ikasemwa anawauzia maji usiku. Hakuna aliyewahi kumwona. Aliachishwa kazi siku ya saba, nami nikiwa nimekaa pale pale mbele, kimya.

Naomba niwaeleze sasa maji yalikuwa wapi, maana ndiyo sehemu ninayotaka mwende nayo nyumbani.

Chukueni debe la mafuta ya kula. Mwenye duka hatoboi tundu moja, anatoboa mawili. Akitoboa moja, mafuta yanatoka kwa kukwama, guu, guu, guu, kwa sababu kila tone linalotoka linataka hewa iingie kushika nafasi yake. Bomba letu siku ile lilikuwa debe lenye tundu moja. Ile mikupuo niliyoiona bondeni ilikuwa hewa inayolazimisha kupanda kupitia woshauti ile ile iliyokuwa ikitoa maji.

Na kule juu ya kilima kulikuwa na jambo baya zaidi. Maji yanapotaka kushuka pande zote mbili za kilima na hewa haina pa kuingilia, yanavuta. Mnajua dumu la plastiki likijazwa maziwa ya moto na kufungwa kizibo, yakipoa linabonyea lenyewe. Hakuna aliyelibonyeza isipokuwa hewa ya nje. Hewa hii tunayoivuta ina uzito, na hapa Babati inaweza kuinua maji kwenye bomba tupu kiasi cha mita 8.8. Dar es Salaam, kwa kuwa wako chini karibu na bahari, inafika mita 10 na kidogo. Kwa hiyo woshauti ikiwa mita 40 chini ya kilele, safu ile ya maji haiwezi kuning'inia yote. Inakatika, na kileleni unabaki utupu. Kila sentimita ya mraba ya bomba pale inabanwa kutoka nje na karibu kilo moja. Bomba dogo lenye ukuta mnene hustahimili. Bomba pana lenye ukuta mwembamba, au lililochoka kwa kuachwa juani, hujikunja kama ganda la ndizi. Na hata bomba lisipojikunja, pete za mpira kwenye soketi huvutwa kutoka mahali pake.

Hapo ndipo afya ya watu inapoingia. Tundu dogo kwenye bomba lenye presha hutema maji nje. Ni hasara, lakini maji ya ndani yanabaki salama. Bomba hilo hilo likiwa na utupu, tundu hugeuka kuwa mdomo unaonyonya. Kama pale tundu lilipo mifugo hunywa, au kuna choo cha shimo upande wa juu, basi mnajua kinachonyonywa. Hatuna haja ya kushangaa wiki ya matengenezo ikifuatiwa na wiki ya matumbo. Bomba lililomwagwa lioshwe na kutiwa dawa ya klorini kabla ya watu kunywa, hata kama maji yanaonekana maangavu.

Basi hiyo ni hewa inayokosa njia ya kuingia. Kujaza ni kinyume chake: hewa inakosa njia ya kutoka.

Nilipofungua geti valvu yote, maji yalishuka mbio, yakajaza korongo, yakapanda kilima cha kwanza, yakavuka kileleni na kuteremka upande wa pili yakipita chini ya hewa, kama maji ya mvua yanavyopita chini ya mtaro mpana. Yakajaza bonde linalofuata, na hewa yote iliyokuwa kwenye mteremko ule ikafungiwa: maji mbele, maji nyuma. Kilima cha pili vile vile.

Sasa sikilizeni hesabu yake, si ngumu. Maji yakipanda kilima yanatumia nguvu. Yakishuka upande wa pili yanairudisha nguvu ile, kwa sababu yana uzito. Lakini mteremko ule ukiwa umejaa hewa, hewa haina uzito wa kusukuma chochote, kwa hiyo hakuna kinachorudishwa. Kimo cha mteremko ulioshikwa na hewa ni deni. Kwetu kilima cha kwanza kilikuwa na hewa kwenye mteremko wenye kimo cha mita 22, na cha pili mita 30. Jumla mita 52. Nguvu yote tuliyokuwa nayo kutoka kidakioni hadi tangini ilikuwa mita 48. Maji yalisimama. Hayakuibwa, hayakuvuja. Yalikuwa yamesimama ndani ya bomba zima, yakisubiri mtu aitoe hewa.

Mtanisamehe nikisema kwamba nililijua hili darasani. Liko hata kwenye kitabu ambacho mhandisi Thomas Jordan aliwaandikia UNICEF nchini Nepal mwaka 1980, kitabu ambacho mafundi wengi wa mserereko duniani wamekitumia. Lakini bomba letu lilipojazwa mara ya kwanza, mafundi walikuwa bado wanaunga vilimani, viungo viko wazi, hewa ikatoka yenyewe bila mtu kuifikiria. Hakuna aliyeandika. Mradi ukikimbia vizuri miaka mitano, mtu anasahau kwamba kulikuwa na sharti.

Aliyetutoa gizani ni yule yule mzee. Siku ya kumi na mbili alikuja kwangu, hakuingia ndani, akasimama mlangoni. Akaniambia usiku amepita kwenye mgongo wa kilima cha kwanza na amesikia bomba linapumua penye soketi. Neno alilotumia ni hilo: linapumua. Tulikwenda na spana, tukachimba, tukalegeza ile nafasi yenye kizibo. Hewa ikatoka kwa mluzi kama gurudumu la lori lililotobolewa, na haikuacha upesi. Mwisho ikaanza kutema matone, ikatema povu, kisha maji. Tukaenda kilima cha pili, ambako hapakuwa hata na kizibo. Tukalazimika kukata bomba. Jioni tangi likaanza kupokea maji.

Hapa nitoe onyo kwa mafundi vijana mliokaa nyuma. Msifungue kizibo kama mnavyofungua soda. Maji hayabaniki, lakini hewa hubanika kama springi. Robert Boyle alionyesha mwaka 1662 kwamba ukizidisha presha mara mbili hewa hubanwa ikabaki nusu. Hewa iliyo chini ya mita 44 za maji hapa Babati imebanwa hadi sehemu moja ya sita. Inataka kurudi ilivyokuwa, na ikipata nafasi itarusha kizibo, na kizibo kitapita mahali palipo na uso wako. Legeza uzi mmoja mmoja, simama pembeni, usubiri.

Kuna na hatari ya upande mwingine. Hewa hupita kwenye tundu dogo kwa mbio kuliko maji. Kwa hiyo tundu likiwa wazi na bomba linajazwa kwa pupa, hewa inakimbia, maji yanaifuata kwa kasi, na sekunde ile hewa inapokwisha maji yanajigonga. Mrusi Joukowsky alilipima jambo hili kwenye mabomba ya mji wa Moscow na kulichapisha mwaka 1898: kila mita moja kwa sekunde ya mwendo inayozuiwa ghafla kwenye bomba la chuma huzaa pigo la mita 100 hivi za maji. Plastiki inanyumbuka, hivyo pigo lake ni dogo, tuseme mita 40. Lakini bomba lenye uwezo wa mita 60, ambalo tayari lina mita 45 bondeni, likipigwa 40 zaidi, linapasuka. Ndipo tunasema bomba lilikuwa feki. Wakati mwingine ni feki kweli. Mara nyingi tumelipasua wenyewe.

Sasa tufanyeje. Siku ya kumwaga, watangazieni watu mapema. Fungeni maji ya juu polepole. Kabla hamjagusa woshauti, fungueni njia za hewa vileleni, mkianzia kilele cha juu kabisa, na mtu abaki pale. Woshauti ifunguliwe robo kwanza. Yule wa kileleni aweke kiganja kwenye koki: akikuta kinavutwa, hewa inaingia, mko salama. Mluzi ukizidi, woshauti ipunguzwe. Simu za mkononi siku hizi zimerahisisha. Zamani tulipeperusha kitambaa kutoka kilima hadi kilima.

Siku ya kujaza ni siku ya uvumilivu. Fungueni njia zote za hewa, na woshauti ziwe wazi hadi zitoe maji safi, ndipo zifungwe taratibu moja baada ya nyingine kufuata maji yanavyoshuka. Kila kilele msikifunge hadi kiache kutema. Mwendo wa maji usizidi sentimita 30 kwa sekunde. Hamna kifaa cha kupima? Mna ndoo. Kwa bomba la inchi mbili, mwendo huo ni sawa na kujaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 34 hivi. Kwa inchi tatu ni sekunde 15. Pimeni kidakioni, mkishapata kiasi, msiiguse geti valvu tena. Kilomita 9 kwa mwendo huo ni saa nane na dakika ishirini. Mimi nilitaka zijae kabla ya chakula cha mchana.

Na msidhani mkishajaza mmemaliza. Maji yenyewe yanabeba hewa iliyoyeyuka ndani yake, karibu sehemu mbili katika mia. Bomba letu la kilomita 9 linabeba kama lita 17,700, kwa hiyo ndani yake kuna zaidi ya lita 350 za hewa msiyoiona, na zinabadilishwa kila bomba linapopitisha maji mapya. Presha ikipungua kileleni, au jua likipasha bomba lililo wazi, sehemu ya hewa hiyo inajitokeza na kukaa. Ndiyo kazi ya valvu inayojiendesha: ina boya ndani, hewa ikija boya linashuka na kuitoa, maji yakija boya linapanda na kuziba. Bomba la kutoka chemchemi za Mzima hadi Mombasa, kilomita 220 hivi kwa mserereko tangu mwaka 1957, au lile linalotoa maji ya Ziwa Victoria hadi Kahama na Shinyanga lililozinduliwa mwaka 2009, hayawezi kuishi bila valvu hizo. Sisi wadogo, pasipo na fedha, tunaweza kuweka koki ya nusu inchi kileleni na kumpa mtu zamu ya kuifungua kila wiki. Bora zaidi, panapokaa watu, tuweke kituo cha kuchotea maji pale pale kileleni. Mama akifungua koki, ametoa hewa bila kujua.

Mama mmoja ameniuliza asubuhi kwa nini dira ya maji kwake inazunguka wakati bomba linatoa upepo tu. Ni kweli inaweza. Dira nyingi zinahesabu mzunguko, hazijui kilichozizungusha. Maji yakirudi baada ya kukatika, hewa yote ya mtaa inatafuta njia, na njia iliyo wazi ni koki yako. Funga koki yako maji yakikatika, na uwaombe wenye mtandao watoe hewa kwenye bomba kuu kabla ya kurudisha maji mtaani.

Kwa wanakamati: tangu sheria ya maji ya mwaka 2019, miradi mingi ya vijijini iko chini ya vyombo vya watumia maji na RUWASA. Msimwage bomba kimya kimya kwa kuwa parokia ndiyo ililijenga. Nendeni ofisi ya wilaya, mpate mchoro wenye vimo vya ardhi. Bila vimo hamwezi kujua hewa itakaa wapi.

Kwa wageni wetu wafadhili nina ombi moja. Mkija kutembelea mradi, mtapelekwa kwenye tangi na kwenye kituo, mtaimbiwa, na nyimbo ni nzuri. Ombeni pia kupelekwa kwenye mgongo wa kilima. Fungueni mfuniko wa chemba. Na mkipokea bajeti yenye mstari wa valvu za hewa, msiulize kama unaweza kupunguzwa. Niliupunguza mimi bila hata kuulizwa.

Lile bomba sasa lina valvu nne, na kuna daftari ambamo kila kumwaga na kila kujaza kunaandikwa, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Kamati ilikwenda kwa yule mzee kumwomba msamaha, nami nilikwenda peke yangu baadaye. Alitupokea vizuri, akatupa chai. Kazi hakuirudia. Alisema mashine ya kusaga anayoilinda sasa inamtosha, na kwamba pale akishutumiwa, gunia linaweza kupimwa.

Nimeleta valvu moja iliyofunguliwa, iko hapo mezani karibu na Katibu. Sogeeni muishike na muone boya lake kabla hatujaenda kula.